Jinsi ya kuonja Scotch (wiski ya Scotland) ya miaka 12 na kuielewa, kwa anayeanza

Wakuu, naandika hii kwasababu maswali ni yale yale. Mtu kanunua Black Label yake ya kwanza, au kaletewa na shemeji aliyepita uwanja wa ndege Dubai, anafungua, anapiga funda moja kubwa, anakunja uso, afu anauliza: hivi hii inanyweka na nini? Hiyo miaka 12 inahesabiwa kuanzia wapi? Nikiitunza kabatini miaka 5 itakuwa ya 17? Na lile linalorudi kuliko yote, "wanasema kuna vanila, matunda na moshi, mbona mi nasikia spiriti tu?"

Hilo la mwisho ndo nalijali zaidi kwasababu jibu lake linafurahisha. Hizo harufu zipo kweli, hazikutungwa na watu wa matangazo, na nyingi unazijua tangu utotoni jikoni kwenu. Kinachotuangusha ni vitu viwili, tunakunywa haraka, na maelezo tunayosoma yameandikwa na watu wa Ulaya kwa vitu vya kwao, keki zao za Krismasi na maua ya milima yao. Mtu wa Tanga au Kisumu hawezi kutambua harufu ya ua ambalo hajawahi kulinusa. Mpe karafuu, tende, ganda la chungwa na kuni iliyoungua uone kama hatazipata kwenye glasi.

Nitatumia Johnnie Walker Black Label kama mfano kwasababu ndo Scotch ya miaka 12 inayopatikana karibu kila mji kwetu, na pia kwasababu ni nzuri kweli kujifunzia, ina moshi, ina utamu, ina matunda, vyote kwa kiasi. Ila hatua ni zile zile kwa Chivas Regal 12, Dewar's 12 au nyingine yoyote ya kuchanganywa yenye umri kwenye lebo.

Kama hunywi, kwa dini au afya au uamuzi wako tu, endelea hivyo hivyo, hakuna deni. Na kama hujafika miaka 18, una mimba, unatumia dawa zisizopatana na pombe, au utaendesha gari au bodaboda baadaye, hii sio yako leo.

KIDOGO TU KUHUSU KILICHOMO NDANI

Sitaki kukuchosha na nadharia lakini bila haya utaonja gizani.

Scotch ya kuchanganywa, yaani blendi, ina wiski za aina mbili. Kuna wiski ya kimea, ya shayiri iliyooteshwa, inakenekwa kwenye mitungi mikubwa ya shaba, hii ndo nzito na yenye tabia zake. Na kuna wiski ya nafaka, mara nyingi ngano au mahindi, inayopita kwenye mtambo wa minara unaofanya kazi bila kusimama, mtambo ambao Aeneas Coffey, afisa wa zamani wa ushuru kule Ireland, aliuwekea hataza mwaka 1830. Hii ya nafaka ni nyepesi, laini, ina utamu wa vanila. Changanya mbili hizo kwa akili ndo unapata Black Label. Familia ya Walker ilianza na duka la vyakula pale Kilmarnock, mji wa Scotland, mwaka 1820, mzee John mwenyewe, afu mwanae Alexander ndo akaisukuma wiski yao mpaka ikapanda meli, na jina la Black Label likaanza kutumika rasmi 1909.

Umri sasa. Ile 12 kwenye lebo ni umri wa wiski ILIYO CHANGA KULIKO ZOTE mle ndani. Humo kunaweza kuwa na ya miaka 14 au 16 lakini hakuna tone la miaka 11, sheria ya Uingereza hairuhusu kuandika vinginevyo. Na miaka inahesabiwa pipani tu, pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, likiwa limelala Scotland. Ikishaingia kwenye chupa umri umesimama. Kwahiyo jibu la yule wa kabatini ni hapana, baada ya miaka 5 utakuwa na Black Label ile ile ya miaka 12 na vumbi juu ya kifuniko.

Pipani kila mwaka inapotea kama asilimia 2 kwa kupenya kwenye mbao na kwenda hewani, wenyewe wanaiita fungu la malaika. Hiyo ni sababu mojawapo ya bei kupanda kadri umri unavyopanda. Umri mkubwa hauna maana ni tamu zaidi kwako, una maana tu mti umefanya kazi muda mrefu zaidi.

Na tafadhali usimsikilize anayekwambia blendi ni ya watu wasiojua na wanaojua wanakunywa singo molti tu. Singo molti ni kimea cha kiwanda kimoja, basi. Ni nzuri, ina upekee wake. Lakini mtu anayechukua mapipa kutoka viwanda vingi, kila pipa na tabia yake, akahakikisha chupa ya mwaka huu inafanana na ya mwaka jana, huyo anafanya kazi ngumu sana na anastahili heshima. Kwenye Black Label moshi unatoka zaidi kwa Caol Ila, kiwanda kilicho kisiwani Islay, utamu na matunda yanaletwa na Cardhu ya Speyside, eneo la kaskazini mashariki mwa Scotland, wamo Clynelish wa kaskazini na Glenkinchie wa kusini, na nafaka inatoka zaidi Cameronbridge. Unavyonusa unaweza kuanza kuwatenganisha, na hapo ndo raha ilipo.

UNAVYOHITAJI KABLA YA KUANZA

- Chupa halali. Huna haja ya mzinga mzima, kwota inatosha kujifunzia.
- Glasi yenye tumbo pana na mdomo mwembamba. Ile maalum inaitwa Glencairn, imekuwepo tangu 2001, ila glasi ndogo ya mvinyo inafanya kazi hiyo hiyo vizuri. Tumbla pana ya baa haifai kwa zoezi hili, harufu yote inatoroka.
- Maji ya chupa yasiyo na gesi. Ya bomba yana klorini, ya kisima hasa Dar yana chumvi, yote mawili yanaharibu.
- Kijiko cha chai.
- Kikombe cha kutemea. Usione aibu, wanaofanya kazi hii kila siku wanatema.
- Daftari au simu ya kuandikia.
- Kitu kikavu kisicho na ladha kali, mkate mweupe au biskuti za maji.
- Vitu vya sahani ya harufu, nitavieleza hatua ya 3.
- Saa moja ya utulivu, tumboni ukiwa umeshakula.

HATUA

1. Hakikisha chupa ni ya kweli

Hii naiweka mbele kwasababu ni usalama, sio ladha tu. Nunua kwenye duka linaloeleweka, usinunue chupa iliyoshuka bei kwa namna isiyoelezeka. Angalia stempu ya kodi, Tanzania unaweza kuikagua kwa programu ya TRA ya Hakiki Stempu, Kenya iko Soma Label ya KRA. Angalia kifuniko, seali isiwe imechezewa, lebo ya mbele ya Johnnie Walker imeinama na imenyooka kwenye kuinama kwake, gundi haijatapakaa, maandishi hayana makosa. Kiwango cha wiski shingoni kiwe sawa na chupa za jirani pale shelfuni.

Onyo kubwa: kujua methanoli, ile pombe ya sumu ya kwenye chupa feki, kwa kunusa au kuonja HAIWEZEKANI. Kwahiyo ukiwa na shaka na chupa usiseme ngoja nionje kidogo nione. Iache. Na mtu aliyekunywa kitu cha mashaka akianza kuona ukungu, kutapika sana au kuchanganyikiwa, mkimbize hospitali, usimwache alale eti atajisikia vizuri asubuhi.

2. Andaa pua na chumba

Asilimia kubwa ya unachokiita ladha ni harufu. Kwahiyo siku hiyo acha pafyumu, usichome udi wala ubani, zima dawa ya mbu ya kuchoma (hii inaua kila kitu, moshi wake unakaa puani mpaka usiku wa manane). Usipige mswaki dakika chache kabla, usitafune big G, usivute sigara. Nyama choma na pilipili iwe baada. Wakati mzuri ni saa 11 jioni hivi, umekula mchana, njaa haijauma bado, ulimi uko safi.

Osha glasi kwa maji ya moto bila sabuni ya harufu kali, ikauke kwa hewa. Kitambaa cha jikoni kina harufu ya vitunguu hata kama huisikii.

3. Tengeneza sahani ya harufu

Hatua hii watu wengi wanairuka, na kwangu ndo muhimu kuliko zote. Chukua vikombe vidogo au visosa, weka kimoja kimoja: karafuu 3 au 4 ulizozivunja kwa kidole, kipande cha ganda la chungwa ulilobonyeza likatoa mafuta, tende moja iliyochanwa, asali kijiko, nazi iliyokunwa na kukaangwa kidogo bila mafuta, ndizi mbivu kabisa ile yenye madoa, vanila kama unayo, mdalasini, na kijiti cha kuni kilichoungua ncha kikazimwa.

Nusa kimoja kimoja, polepole, fumba macho. Lengo ni kuzikumbusha akili majina. Ukishamaliza sogeza sahani mbali na meza, hata chumba kingine.

Sasa kwanini vitu hivi na sio vingine? Kwasababu sio kufananisha tu. Harufu ya karafuu inatoka kwenye kitu kinaitwa eujenoli, na eujenoli hiyo hiyo imo kwenye mbao za mwaloni, inaingia kwenye wiski taratibu miaka yote ile 12. Vanilini ya kwenye vanila, nayo mwaloni uliochomwa moto unaitoa. Ile harufu ya nazi inatokana na mafuta ya mwaloni wa Marekani, maana mapipa mengi ya Scotch yalianza maisha yakiwa na bourbon, wiski ya huko Marekani ambako sheria ya bourbon inataka mapipa mapya, wakimaliza wanayauza Scotland. Ndizi inatokea wakati hamira inachachua. Tende na zabibu kavu ni dalili ya mapipa yaliyowahi kubeba sheri, mvinyo mkali wa Hispania. Na moshi ni wa piti, udongo mweusi wa mimea iliyooza kwenye majimaji, wanaukata vipande, wanaukausha, afu wanauchoma chini ya shayiri iliyoota ili kuikausha. Mtu aliyekulia Pemba anaijua harufu moja ya Scotch kuliko mtu wa Edinburgh, basi tu hajaambiwa kwamba ni ile ile.

4. Shusha joto kidogo

Utasoma kila mahali kwamba wiski inyweke kwa joto la kawaida la chumba. Joto la kawaida la chumba huko Scotland ni nyuzi 18 mpaka 20. Sebule ya Dar au Mombasa mwezi wa pili inacheza nyuzi 30 na zaidi, na kwa joto hilo pombe inaruka kutoka kwenye glasi kwa fujo na inakupiga puani kabla ya kitu kingine chochote. Kwahiyo weka chupa kwenye friji dakika 15 hivi, sio friza, itoe, iache dakika chache. Mkono ukiishika usisikie joto wala ubaridi wa kuuma. Ukiwa Mbeya, Nairobi au Njombe ruka hatua hii.

5. Mimina kidogo, tazama

Toti moja ndogo, mililita 25 mpaka 30. Inua glasi kwenye mwanga, zungusha taratibu, angalia matone yanavyoteremka ukutani kwa glasi. Furahia rangi ila usiitumie kupima umri, Scotch inaruhusiwa kuongezwa rangi ya sukari ya kuunguza na blendi nyingi zinafanya hivyo ili chupa zote zifanane.

Sasa iache ikae dakika 5 mpaka 10. Najua mkono unawasha. Iache.

6. Nusa, na usiingize pua ndani

KOSA KUBWA la wanaoanza ni hili, wanazungusha glasi kwa nguvu kama ya mvinyo afu wanazamisha pua nzima na kuvuta pumzi ndefu. Pombe ya asilimia 40 inaitia ganzi pua yako palepale na dakika kadhaa zinazofuata hutasikia kitu.

Fanya hivi. Shika glasi usawa wa kidevu, fungua mdomo kidogo, vuta hewa kwa pua na mdomo kwa pamoja, fupi fupi. Kufungua mdomo kunapunguza ule mchomo. Panda polepole mpaka ukingo wa glasi ugusane na mdomo wa juu. Jaribu tundu moja la pua, afu la pili, mara nyingi hazisikii sawa. Ukingo wa chini wa glasi unaleta harufu nzito, wa juu unaleta nyepesi za matunda, sogeza pua kidogo tu juu na chini utaona tofauti.

Pua ikichoka nusa kiwiko chako au nguo yako, ni harufu uliyoizoea kwahiyo inairudisha sawa.

Kwenye Black Label mimi napata kwanza utamu, kitu kati ya asali na vanila, afu ganda la chungwa, afu nyuma kabisa moshi mwembamba, moto wa kuni uliozimwa jana yake. Wewe unaweza kupata halua, ukapata iliki, ukapata maziwa ya kibuyu yaliyofukizwa. Andika unachopata WEWE. Hakuna jibu kwenye karatasi ya mtihani hapa, na usibadilishe neno lako kwasababu mwenzako kasema lingine.

7. Funda la kwanza ni la kuosha kinywa

Dogo sana, kama nusu kijiko cha chai. Lisambaze mdomoni lote, sekunde 5, meza au tema. Litachoma. Usilihukumu, usiandike kitu. Kazi yake ni kuuambia mdomo kwamba pombe imefika, ili funda la pili lipite bila kelele.

8. Funda la pili ndo la kuonja

Subiri dakika moja. Sasa chukua kiasi kile kile, kikalishe katikati ya ulimi, kitafune kama chakula, kipeleke pembeni, chini ya ulimi, kwenye fizi. Wazee wa kazi hii wana desturi ya kukaa nalo sekunde kadhaa, wewe anza na 10. Angalia vitu vitatu kwa mpangilio: inavyoingia (tamu? kali?), inavyokaa (nzito kama mafuta au nyepesi kama maji?), na inavyoondoka.

Kuondoka ndo watu wanakusahau. Ukishameza funga mdomo, toa pumzi polepole kwa pua. Hapo moshi wa Caol Ila unapanda kutoka kooni wenyewe, na pilipili manga kidogo, na utamu wa zabibu kavu unabaki kwenye fizi. Hesabu ni muda gani kitu kinaendelea kuongea mdomoni. Blendi changa inapotea haraka, ya miaka 12 inabaki, na ukija kukutana na ya miaka 18 utashangaa.

9. Weka maji, matone kwanza

Kuna watu wanaona maji ni dhambi. Sio dhambi. Wachanganyaji wenyewe kule Scotland wakiwa kazini wanashusha wiski mpaka karibu asilimia 20 kabla ya kuinusa, kwasababu pombe ikipungua harufu zingine zinapata nafasi. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba guaiakoli, mojawapo ya vitu vinavyobeba harufu ya moshi, inapanda kukaa karibu na uso wa kinywaji pombe inapopunguzwa. Yaani inasogea kwenye pua yako.

Hesabu ya nyumbani: toti ya mililita 30 yenye asilimia 40, ukiweka kijiko kimoja cha chai cha maji (mililita 5) inashuka kama asilimia 34. Vijiko viwili, 30 kamili. Maji sawa kwa sawa, 20. Anza na matone machache, nusa, onja, afu nusu kijiko, nusa tena, onja tena. Kuna sehemu itafunguka ghafla, matunda yanajitokeza, moshi unakuwa laini. Ukipita hapo inakuwa chapwa. Sehemu hiyo ni yako, iandike, wengi kwa Black Label wanaishia kwenye kijiko kimoja au viwili.

Usimwage maji kutoka kwenye chupa moja kwa moja. Ukizidisha huwezi kuyatoa.

10. Linganisha na nyingine

Chupa moja peke yake haikufundishi sana. Weka glasi mbili pembeni, toti ndogo za mililita 15 tu kila moja. Zoezi ninalolipenda ni Chivas Regal 12 na Black Label, zote blendi, zote miaka 12, zote asilimia 40, lakini Chivas imejengwa kuzunguka kimea cha kiwanda cha Strathisla, Speyside, kwahiyo inaegemea asali, tofaa na maziwa, moshi karibu hakuna. ANZA NA CHIVAS. Isiyo na moshi daima inatangulia, ukianza na yenye moshi ya pili utaiona haina kitu.

Zoezi la pili, Red Label na Black Label. Red haina umri kwenye lebo, imetengenezwa kwa ajili ya kuchanganya na soda, ina nguvu na ukali wake. Ukizinusa pamoja utaelewa mwenyewe pipa linafanya nini kwa muda, hakuna maelezo yanayoshinda dakika hizo mbili.

Mwisho glasi 3 ndogo kwa kikao, zaidi ya hapo hauonji tena, unakunywa. Kunywa maji katikati.

11. Usioshe glasi bado

Ukimaliza acha glasi tupu mezani, ifunike na kisosa. Asubuhi kabla ya chai inuse. Pombe imeondoka yote, kilichobaki ukutani ni mbao na moshi vitupu, vanila nzito, majivu, wakati mwingine kakao. Kwa Black Label moshi wa asubuhi unakuwa mkubwa kuliko wa jana yake. Mtu aliyesema haoni kitu puani mpe glasi hiyo.

KUHUSU BARAFU NA SODA

Unaweza. Ni wiski yako na pesa yako. Lakini barafu inafunga harufu na inaufanya ulimi ulale, kwahiyo iwe baada ya kuonja, na ukiweka weka bonge moja kubwa kuliko vipande vidogo vinavyoyeyuka haraka. Soda ya maji na Black Label ni kinywaji kizuri sana siku ya joto, moshi unatoka na mapovu. Kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vinafunika kila kitu ulichokilipia kwa miaka 12, hapo nunua Red. Na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini inayokuficha kwamba umelewa, hiyo ni hatari yenyewe.

IKIGOMA

"Nasikia spiriti tu." Mara nyingi ni joto au haraka. Rudi hatua ya 4, afu iache kwenye glasi dakika 15 nzima, afu weka kijiko kimoja cha maji. Kama bado ni spiriti tupu, haina utamu wowote, inanuka thina, rudi hatua ya 1 na uiangalie ile chupa kwa jicho lingine.

"Jana nilipata chungwa na asali, leo sipati kitu." Mafua, vumbi, chakula cha mchana chenye kitunguu saumu, au usingizi. Pua inabadilika siku kwa siku. Funga chupa, jaribu kesho kutwa.

"Inanuka dawa ya kidonda." Hiyo ni tabia ya piti ya visiwani, sio ubovu. Kwenye Black Label ni kidogo, ukiisikia sana una pua kali ya moshi, anza na Chivas au Dewar's uzoee kwanza.

"Imeingia ukungu nilipoweka barafu." Ni mafuta ya asili ya wiski yanaganda kwa baridi, inatokea zaidi kwa zile za asilimia 46 na kuendelea ambazo hazikuchujwa kwa baridi. Ni salama. Ila kama kuna vitu vinaelea kwenye chupa ambayo hujafungua, irudishe dukani.

"Nimeandika maneno mawili tu, moshi na tamu." Yanatosha. Wiki ijayo jiulize tamu ya nini, sukari, asali au tende? Moshi wa nini, kuni, sigara au majivu? Neno moja linazaa lingine.

"Kichwa kinauma asubuhi." Ulikunywa nyingi au hukunywa maji. Wiski nzuri haina kinga kwa hilo.

"Nitaitunzaje iliyobaki?" Isimame wima, usiilaze kama mvinyo, pombe inakula kizibo. Kabatini pasipo jua wala jiko karibu. Chupa iliyojaa ukishaifungua itakaa mwaka bila shida, ila ikifika robo ya chini hewa ni nyingi kuliko wiski na inaanza kufifia, harufu za matunda zinaondoka kwanza. Hapo hamishia kwenye chupa ndogo ya kioo, safi, kavu, yenye kifuniko kinachobana, iandike jina na tarehe, na iweke mbali na mikono ya watoto.